Wastani na Namba ya Katikati

Mtu ajuaye kusoma na kuandika huitwa mara nyingi kijijini. Huitwa kuandika mavuno ya kila kaya. Huitwa kuandika uzito wa watoto siku ya kliniki. Huitwa kuandika michango ya shule na ya kisima. Daftari hujaa namba. Halafu viongozi humwambia, "Namba hizi ni nyingi. Tupe moja tu." Namba hiyo moja hupelekwa mbele, na huko hutumiwa kuamua. Huenda ikaamua kama kijiji kitapata chakula cha msaada au hakitapata.

Wengi wetu tukiombwa namba moja hutoa wastani. Wastani ni hesabu nzuri, nasi tutajifunza namna ya kuupata. Lakini wastani una udhaifu mmoja. Namba moja tu iliyo kubwa mno, au iliyoandikwa vibaya, inaweza kuuvuta mbali na ukweli. Kwa hiyo tutajifunza pia hesabu nyingine isiyovutwa kwa urahisi. Haihitaji mashine. Haihitaji hata kugawanya.

Mavuno ya kaya 11

Tuseme kitongoji kimoja kina kaya 11. Mwandishi amepita nyumba kwa nyumba akiuliza mahindi yaliyovunwa. Ameandika hivi, kwa magunia:

2, 3, 3, 4, 4, 5, 5, 6, 6, 7, 65

Kaya ya mwisho ina shamba kubwa na trekta. Kaya nyingine zote zinalima kwa jembe la mkono.

Sasa tutafute wastani. Jumlisha magunia yote. Utapata 110. Gawanya kwa idadi ya kaya, yaani 11. Utapata 10. Basi wastani ni magunia 10 kwa kila kaya.

Hebu itazame tena orodha. Ni nani aliyevuna magunia 10? Hakuna. Ni nani aliyekaribia 10? Hakuna. Kaya 10 zimevuna magunia 7 au chini ya hapo. Kaya moja imevuna 65. Wastani umeangukia mahali ambapo hapana mtu.

Tuseme tena kwamba kila kaya inahitaji magunia 7 ili ifike mavuno yajayo. Ofisi ya mbali ikipewa namba 10 itasema, "Kitongoji hiki kina ziada ya magunia 3 kila nyumba. Msaada uende kwingine." Lakini ukihesabu kwa kidole utaona kwamba kaya zenye magunia 7 au zaidi ni mbili tu. Kaya 9 zitapungukiwa. Kaya yenye magunia 2 itaanza kulala njaa mapema sana, huku karatasi ikisema imeshiba.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Mwandishi ameandika sawasawa. Hesabu imepigwa sawasawa. Kosa ni kuiuliza hesabu jambo lisilo lake. Wastani hujibu swali hili: kama mahindi yote yangewekwa pamoja na kugawanywa sawa, kila kaya ingepata kiasi gani? Jibu ni magunia 10, na ni kweli. Lakini mahindi hayo hayajagawanywa. Mengi yamo katika ghala moja lenye kufuli.

Namba ya katikati

Swali tunalotaka ni jingine. Tunataka kujua kaya ya kawaida imepata nini. Njia yake ni nyepesi. Zipange namba kutoka ndogo hadi kubwa, kama tulivyofanya hapo juu. Kisha tafuta iliyo katikati kabisa. Namba ziko 11, kwa hiyo ya katikati ni ya 6. Upande wa kushoto zinabaki 5, na upande wa kulia zinabaki 5. Hesabu kwa kidole: 2, 3, 3, 4, 4, halafu 5. Namba ya katikati ni magunia 5.

Sasa picha imebadilika. Kaya ya katikati ina magunia 5, na inahitaji 7. Ofisi ikisoma hivyo haitasema kitongoji kina ziada.

Hata darasani mnaweza kulifanya jambo hili bila kuandika. Kila mmoja akumbuke magunia aliyovuna. Simameni mstari, mwenye machache mwanzoni, mwenye mengi mwishoni. Mtu wa kwanza na mtu wa mwisho watoke pamoja wakakae. Kisha wawili wanaofuata, mmoja kila upande. Endeleeni hivyo mpaka abaki mtu mmoja. Magunia yake ndiyo namba ya katikati. Wakibaki wawili, kwa sababu idadi yenu inagawanyika kwa mbili, jumlisheni magunia ya hao wawili mgawanye kwa 2.

Mwanakisomo mmoja atauliza, "Je, yule mwenye magunia 65 tumemwonea?" Hapana. Naye amehesabiwa kama mtu mmoja, upande wa wenye mengi. Angevuna 65, au 20, au 600, angebaki ni mtu mmoja upande ule ule. Namba ya katikati ingebaki 5. Lakini wastani ungepanda na kushuka pamoja naye. Angevuna 600, wastani ungepita magunia 58, ingawa majirani zake wasingekuwa na punje moja zaidi.

Nukta iliyosahauliwa

Mfano wa mavuno ulikuwa na namba ya kweli. Mara nyingine namba iliyo mbali ni kosa la kalamu. Twende kliniki.

Watoto 7 wamepimwa. Uzito wao kwa kilo ni 9, 10, 10, 11, 12, 12, 13. Jumla ni 77. Wastani ni kilo 11. Namba ya katikati, yaani ya 4, pia ni kilo 11. Hesabu zote mbili zimekubaliana. Namba zikiwa safi na zimekaribiana, mara nyingi huwa hivyo.

Sasa tuseme mwandishi alitaka kuandika 12.0 kwa mtoto mmoja. Foleni ni ndefu, watoto wanalia, jua ni kali. Anasahau nukta. Daftarini inaonekana 120. Jumla inakuwa 185. Ukigawanya kwa 7 unapata zaidi ya kilo 26. Watoto wadogo wa kijiji wana wastani wa kilo 26! Mtu anayewajua watoto atacheka. Lakini namba ikishaondoka kijijini hukutana na watu wasiowajua watoto hao. Hao hawatacheka. Wataiamini.

Itazame namba ya katikati. Panga upya: 9, 10, 10, 11, 12, 13, 120. Ya 4 bado ni 11. Kosa la nukta halikuigusa.

Wataalamu wa takwimu wana neno la hesabu za namna hii. Sisi tunaweza kuziita hesabu imara. Hesabu imara haipinduki kwa sababu ya namba chache mbovu. George Box wa Uingereza alianza kulitumia neno lao hilo katika maandishi yake mwaka 1953. Mwaka 1960 John Tukey wa Marekani alionyesha jambo lililowashangaza wenzake. Kulikuwa na njia moja ya kupima jinsi namba zinavyotofautiana, ambayo wataalamu waliisifu kuliko zote. Tukey alionyesha kwamba namba mbovu zisizofika hata 2 katika kila 1,000 zinatosha kuifanya ishindwe na njia nyingine iliyodharauliwa. Na ni daftari gani la kijiji, au la mjini, lisilo na makosa mawili katika namba elfu moja?

Lakini msidhani kwamba namba ya katikati haiharibiki kabisa. Katika watoto wetu 7, makosa ya nukta yakiwa 3 itabaki kati ya uzito wa kweli wa watoto. Yakiwa 4, basi walioandikwa vibaya wamekuwa wengi kuliko wengine, na katikati inaangukia kwao. Wastani hupinduliwa na kosa moja. Namba ya katikati hupinduliwa pale makosa yanapofika nusu. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa.

Tena kuna kosa moja ambalo hakuna hesabu inayoweza kuliponya. Mizani yenyewe ikiwa mbovu, watoto wote huandikwa vibaya kwa pamoja. Sindano ikianzia kilo 1 badala ya sifuri, kila mtoto ataongezewa kilo 1. Wastani utakosea kwa kilo 1, na namba ya katikati itakosea kwa kilo 1. Dawa yake ni kuitazama sindano kabla ya kumtundika mtoto wa kwanza, na kuirudisha kwenye sifuri. Kazi hiyo inachukua muda mfupi kuliko kulisoma fungu hili.

Ng'ombe wa Plymouth

Habari hii ya namba ya katikati si mpya. Mwaka 1906 kulikuwa na maonyesho ya mifugo katika mji wa Plymouth, Uingereza. Ng'ombe mmoja mnene aliwekwa mbele ya watu. Aliyetaka alinunua tiketi kwa peni 6. Kwenye tiketi aliandika makisio yake: ng'ombe huyu akichinjwa na kutengenezwa, nyama itakuwa ratili ngapi? Ratili moja ni karibu nusu kilo. Walioweza kukisia karibu zaidi walipewa zawadi. Walikuwamo wachinjaji na wakulima, na walikuwamo watu wasiojua lolote juu ya ng'ombe.

Bwana mmoja aitwaye Francis Galton aliziomba tiketi hizo baada ya shindano. Galton alikuwa pia na mawazo mabaya kuhusu nani katika binadamu azae na nani asizae, na mawazo hayo tusiyafuate. Lakini kazi yake juu ya ng'ombe inafaa kusomwa. Tiketi zilizosomeka zilikuwa 787. Alizipanga kutoka makisio madogo hadi makubwa, akachukua ya katikati. Ilisema ratili 1,207. Ng'ombe alipochinjwa alikuwa na ratili 1,198. Tofauti ni ratili 9 tu, yaani kama kilo 4, katika ng'ombe wa zaidi ya kilo 540. Galton alilitangaza jambo hilo mwaka 1907.

Kwa nini hakuchukua wastani? Alieleza sababu yake mwaka huo huo. Alifikiria watu wanaokaa kuamua kiasi cha fedha, kama vile baraza linalopanga fidia. Kila mmoja ana mawazo yake, na kila mmoja ana haki sawa na mwenzake. Wakichukua wastani, alisema, watu wenye makisio ya ajabu watapata nguvu zaidi, na kadiri ajabu yao inavyozidi ndivyo nguvu yao inavyozidi. Namba ya katikati humpa kila mtu sauti moja.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, nayo ni lazima isemwe. Watu walimwuliza Galton wastani wa tiketi zile ulikuwa kiasi gani. Alipiga hesabu akapata ratili 1,197. Ulikaribia ukweli kuliko namba ya katikati! Kwa nini? Waandikaji walilipa peni zao na walitaka zawadi, kwa hiyo kila mmoja alijitahidi. Ratili za juu zilisawazishwa na ratili za chini. Namba zikiwa safi namna hiyo, wastani hufanya kazi nzuri sana. Kwa hiyo asije mtu akasema wastani ni kitu kibaya. Ni kama sahani ya udongo: inafaa kulia chakula, ila usiiangushe.

Kikao cha mchango

Maneno ya Galton kuhusu baraza yanatuhusu sana. Tuseme kamati ya watu 9 inapanga mchango wa kila kaya kwa ajili ya kisima. Kila mjumbe anaandika kiasi kwenye karatasi. Karatasi zinasema, kwa shilingi:

2,000, 2,000, 3,000, 3,000, 4,000, 4,000, 5,000, 5,000, 80,000

Jumla ni 108,000. Wastani ni shilingi 12,000. Wajumbe 8 kati ya 9 walitaka shilingi 5,000 au pungufu, lakini wastani umepanga 12,000. Mjumbe mmoja amewashinda wote kwa karatasi moja. Tena mtu mwerevu akijua kwamba kamati hutumia wastani, ataandika namba kubwa makusudi ili avute mambo upande wake. Namba ya katikati hapa ni shilingi 4,000. Huyo mmoja angeandika 80,000 au 6,000, ingekuwa 4,000 tu. Ujanja wake haumfai kitu.

Ipo njia nyingine iliyo kati ya hizi mbili. Unaondoa namba iliyo ndogo kabisa na iliyo kubwa kabisa, kisha unatafuta wastani wa zilizobaki. Katika mashindano ya kupiga mbizi, alama za juu kabisa na za chini kabisa za waamuzi huondolewa, ili mwamuzi mmoja mwenye upendeleo asiharibu matokeo. Katika kamati yetu, ukiondoa 2,000 moja na ile 80,000, zinabaki namba 7 ambazo jumla yake ni 26,000. Wastani wake ni kama shilingi 3,700. Angalia jambo moja: ondoa pande zote mbili kwa usawa, na kanuni hiyo ipangwe kabla karatasi hazijafunguliwa. Mtu anayeondoa namba baada ya kuziona, akichagua zisizompendeza, huyo hapigi hesabu tena. Anachagua jibu.

Usiifute namba iliyo mbali

Sasa tumefika kwenye jambo gumu. Mtu akishajua kwamba namba iliyo mbali huharibu wastani, hutaka kuifuta. Anachukua kalamu anapiga mstari. Hilo ni kosa kubwa, na linaweza kugharimu maisha.

Turudi kliniki. Tuseme watoto 7 wa umri mmoja wana kilo 6, 10, 10, 11, 12, 12, 13. Mmoja yuko mbali na wenzake. Namba ya katikati ni 11, na haikumwona kabisa yule wa kilo 6. Wastani ni kama kilo 10 na nusu, nao haukumwona vizuri. Ukisoma namba moja tu, ile au hii, utasema watoto hawajambo. Na yule wa kilo 6 ndiye aliyetufanya tununue mizani.

Hesabu imara imetengenezwa ili isivutwe na namba iliyo mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, haitakuambia habari zake. Ni kazi yako wewe mwandishi kuifuata. Izungushie duara. Kisha uliza. Kwanza, je, inawezekana? Mizani ya kuning'iniza ambayo kliniki nyingi hutumia huishia kilo 25, kwa hiyo 120 haikutoka kwenye mizani. Ilitoka kwenye kalamu. Lakini 6 inawezekana kabisa. Pili, pima tena, ikiwezekana kwa kifaa kingine. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kuna utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, pale penye rangi nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na apelekwe kutibiwa mara moja. Utepe haujui mizani ilisema nini. Vikikubaliana, kalamu haikukosea. Ndiyo sababu kila mtoto ana kadi yake kliniki, na mganga huitazama kadi hiyo bila kuuliza wastani wa kijiji.

Vivyo hivyo na kaya ya magunia 65. Usiifute. Afisa ugani atataka kujua ilipandaje. Na siku ya kutafuta lori la kupeleka mahindi yote sokoni, kaya hiyo ndiyo yenye mzigo mkubwa. Hapo namba ya katikati itawapoteza. Mkizidisha 5 kwa kaya 11 mtapata magunia 55, na mahindi yaliyopo ni 110. Mtakodi lori dogo, na nusu ya mzigo itabaki chini ikinyeshewa. Wastani wa 10 mara 11 unatoa 110 sawasawa. Kwa habari ya jumla, kama vile lori, ghala au dawa ya kuhifadhia, tumieni wastani. Kwa habari ya hali ya mtu wa kawaida, tumieni namba ya katikati. Ofisi ikiomba namba moja tu, waandikieni zote mbili na chini yake mwandike: iliyo ndogo kabisa ni 2, iliyo kubwa kabisa ni 65. Karatasi ina nafasi ya kutosha.

Zoezi la darasa

Kina mama 9 waliulizwa wanatumia dakika ngapi kwenda kuteka maji na kurudi. Walijibu: 35, 20, 300, 30, 25, 40, 30, 25, 35.

Zipangeni namba hizi kutoka ndogo hadi kubwa. Tafuteni wastani, kisha namba ya katikati. Mkipata 60 na 30 mmefanya sawa.

Sasa itazameni ile 300. Ni dakika 30 iliyoongezewa sifuri na mwandishi, au kuna mama anayetumia saa 5 kila siku kwa ajili ya ndoo moja? Semeni mtamwuliza nani, na mtafanya nini jibu likiwa ni saa 5.